Paneli Isiyofungika

Harufu ilifika kabla ya picha. Ndivyo kinusi kinavyofanya kazi. Ni kijisanduku cheusi kinachokaa chini ya skrini ya mhudumu, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Kinapokea habari kutoka kwenye shuka la mgonjwa na kuchanganya harufu ileile palepale mezani, ili mhudumu asije akasema hakujua. Nilivuta jina lililokuwa limejikunja kwenye ukingo wa kushoto wa skrini, paneli ikachomoza taratibu kama droo, na kabla sijaona chochote harufu ikanijaa puani.

Mkojo uliolala. Kinyesi. Na chini ya hivyo viwili kitu kitamutamu ambacho mtu aliyewahi kuuguza haambiwi ni nini: nyama ya mtu inayooza naye bado yu hai.

"Sista," niliita bila kugeuza shingo. "Njoo hapa."

Veneranda, muuguzi mkuu wa Makao ya Utulivu, alikuja akitafuna karanga. Akaacha kutafuna.

Kwenye paneli kulikuwa na bibi kizee amelala chali, macho wazi, ngozi imegandana na shuka. Juu ya kitanda chake ilining'inia mikono miwili ya chuma inayotembea kwenye reli. Ilikuwa imesimama tuli, na kitambaa cha kuogeshea kilikuwa kimekaukia kwenye vidole vya mmoja wao.

"Huyu si Bibi Kalunde?" Veneranda akauliza.

"Unaniuliza mimi? Mimi nimeingia humu asubuhi hii."

"Lakini bibi huyu alichukuliwa na bintiye. Tangu wiki iliyopita hayumo kwenye skrini. Sote tulijua amechukuliwa."

"Nani alikuambia?"

Akaitazama skrini. Hakuna aliyemwambia. Skrini ndiyo ilimwambia.

Tulikimbia. Korido ya Makao ya Utulivu ni safi kuliko sahani zangu za wageni, kwa sababu hakuna anayeikanyaga. Nani apite vyumbani wakati wazee wote wamo kwenye skrini? Veneranda alikosea mlango mara ya kwanza. Muuguzi mkuu, na hakujua mgonjwa wake analala chumba gani.

Sitaeleza yote tuliyoyakuta. Nitasema tu kwamba tulipomgeuza, shuka lilinyanyuka pamoja naye, na Veneranda akatoka nje kutapika, na mimi nikaendelea kwa sababu lazima mtu mmoja aendelee. Nina watoto watatu. Nimeshika matapishi kwa viganja. Lakini watoto wangu walikuwa wachafu kwa sababu ni watoto. Huyu alikuwa mchafu kwa sababu mtu alibofya kitufe.

*

Mimi ni fundi wa programu. Nina stashahada na leseni ya kugusa mifumo ya wagonjwa, na niliitwa Tabora kwa sababu, kwa maneno ya mkurugenzi kwenye simu, programu yao ilikuwa "inapoteza wagonjwa". Aliyasema kama mtu anayelalamika kwamba msichana wa kazi anapoteza vijiko.

Programu yenyewe inaitwa Meza. Kila zamu ina mhudumu mmoja, anakaa mbele ya skrini pana, na kila mzee ana paneli yake: picha, kengele, joto la ngozi, harufu. Sheria ya mikono ya chuma ni moja nchi nzima. Mkono haumgusi binadamu mpaka binadamu mwingine awe anatazama. Ni sheria nzuri, walioitunga walikuwa na akili. Ina maana mzee haogeshwi, hageuzwi, habadilishwi nguo, mpaka paneli yake iwe wazi mbele ya jicho la mtu. Kinachojiendesha chenyewe ni mrija wa maji na uji tu. Ndiyo maana Bibi Kalunde alikuwa hai.

Sasa, paneli za Meza zinahamishika. Unaishika paneli kichwani, unaiburuta, unaibandika kulia, kushoto, juu, chini, popote panapokufaa. Ukitaka unaing'oa ikaelea peke yake. Ukiichoka unaikunja: inajisukuma ukingoni, linabaki jina limesimama wima kwa herufi ndogo, katikati ya majina mengine ya vitu visivyo na maana, kama hali ya hewa na kiasi cha maji tangini. Na paneli iliyokunjwa hainuki wala hailii. Kengele inanyamaza pamoja na picha.

Fundi aliyenitangulia aliongeza jambo moja la kurahisisha maisha: Meza inakumbuka mpangilio. Anayeingia zamu anaikuta kama alivyoiacha anayetoka. Aliyekunjwa na mmoja amekunjwa kwa wote.

*

Ofisi ya Bwana Lukelo, mkurugenzi, ilikuwa na skrini iliyojaza ukuta mzima na kinusi kikubwa kama redio. Kilikuwa kinatoa asumini. Nilitoka kwenye chumba kile nikiwa na harufu ya Bibi Kalunde kwenye nywele, nikaingia kwenye asumini, na nakuambia ukweli, asumini ndiyo iliyonichefua zaidi.

"Mama Sayi, pole sana kwa yaliyokukuta."

"Hayakunikuta mimi. Yamemkuta mgonjwa wako."

"Ndiyo, ndiyo. Tunamuombea." Akanisogezea kiti. "Kosa umelipata?"

"Nimelipata. Paneli inakunjika. Isikunjike."

Akatabasamu kama mwalimu anayemsikiliza mtoto mwenye bidii. "Hapana, mama. Kukunja lazima kubaki. Mtu mmoja anatazama wazee arobaini. Anakula palepale, anakunywa chai palepale. Ukimnyima nafasi ya kukunja, mwezi hauishi ameacha kazi."

"Weka wawili kila zamu."

"Nikiweka wawili nafunga makao. Halafu hao arobaini waende wapi? Kwa watoto wao? Watoto wao ndio waliowaleta."

Hilo lilikuwa kweli. Akaona nimelikubali, akanogewa.

"Ninachotaka ni kidogo sana. Paneli ikikunjwa, pale kwenye jina itokee nukta ya kijani. Na mfumo uandike 'ameangaliwa'. Familia ikifungua simu inaona kijani, inalala vizuri. Jumatano nina wageni wa bodi ya bima, wanataka kuipeleka Meza kwenye makao mengine. Sitaki waone jina halina rangi."

"Ameangaliwa na nani?"

"Na mfumo."

"Mfumo hauna macho, Bwana Lukelo."

"Basi tuseme ametunzwa. Chagua neno wewe, mimi sina ubishi na maneno."

Nilimtazama. Shati limepigwa pasi, kucha safi, mkono wa saa umepakwa mafuta. Nikawaza mtu huyu akifika nyumbani anabeba mtoto kwa mikono hiyohiyo. Nilisema nitaona la kufanya, nikatoka, nikapumua kwa mdomo mpaka mwisho wa korido.

*

Aliyemkunja sikuhitaji kumtafuta. Alikuwa nyuma ya jiko, amechuchumaa kwenye bomba, anasugua mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Kijana mrefu wa Kinyamwezi, mhudumu wa zamu ya mchana, jina lake Maganga.

"Wewe ndiye fundi," alisema. "Ni mimi."

"Najua ni wewe kwa vile unavyosugua. Acha, utajichuna. Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nimemuoa bintiye, Mwashi. Tulimleta hapa kwa sababu mimi nipo hapa, tukaona atakuwa karibu na mtu wake." Alicheka, na kicheko kile hakikuwa na furaha hata chembe. "Nikabadilishiwa zamu. Naingia, nafungua Meza, paneli ya kwanza inayonitazama ni yeye, anaogeshwa. Dada, mimi sijawahi hata kula mbele ya mama yule. Akipita njia hii, mimi napita ile. Nikamwona... Nikakunja. Mkono wangu ulikunja kabla sijafikiri."

"Ungemwita mtu."

"Nani? Zamu ni ya mtu mmoja. Nilisema watakaokuja jioni watamfungua, wao si wakwe zake. Sikujua Meza inaweka kumbukumbu. Na kesho yake nikaingia, simwoni, nikashukuru Mungu nikajua wamembandika kule nisikotazama. Nilishukuru, dada. Unaelewa? Nilikuwa na heshima zangu pale mezani, nakunywa chai."

"Na mkeo hakuuliza?"

"Aliuliza. Nikamwambia mama yupo salama. Hizo ndizo habari mkwe anazoweza kutoa, hawezi kueleza zaidi." Akafunga bomba. "Nimemlaza mama mkwe kwenye mavi yake kwa ajili ya heshima."

"Ndiyo," nikamjibu. Sikumpunguzia. Angenitaka nimwambie si kosa lake, na mimi sina ustadi huo.

*

Jioni nilikwenda kumwona Bibi Kalunde. Alikuwa amelazwa kiubavu kwenye shuka jipya, kidonda kimefungwa, kichwani ana kitambaa cha kijani alichokifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, kimekaa upande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenigeuza. Una mikono mizito."

"Nimezoea kukanda ngano."

"Inaonekana." Akakinyoosha kitambaa kichwani. "Mwenzako alitapika. Nilimsikia. Mpe pole."

"Bibi, hukupiga kelele?"

"Nimwite nani?" akasema. "Maji yalikuwa bado mgongoni, mikono ikasimama ghafla. Nikajua mkwe ameingia zamu. Nikafurahi. Nikasema, kijana huyu amelelewa. Nikakaa kimya nisimtie aibu. Halafu zamu wakaingia wengine, lakini kwangu hawakuja. Na mimi nikaona nikipiga kelele, anayesikia anaweza kuwa yeye."

"Ungekufa."

"Ningekufa nimevaa."

"Hukuwa umevaa, bibi. Ulikuwa umefunikwa na uchafu. Hiyo si nguo."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama yako alikulisha pilipili badala ya uji?" Kisha kicheko kikaisha. "Nasikia utatengeneza hiyo mashine. Utanifanya niwe wazi muda wote, nisikunjwe?"

"Ndivyo nilivyokusudia."

"Basi kila akikaa pale, atanitazama. Hana pa kukimbilia. Mtoto wangu wa pekee ndiye mkewe. Atamtazamaje mkewe baada ya kunitazama mimi?" Akanishika kiganja, na vidole vyake vilikuwa vikavu kama maganda ya karanga. "Nifiche, mwanangu. Wengine wafanye unavyotaka. Mimi nifiche."

"Nikikuficha utaoza."

"Nakuambia nimesikia. Nifiche."

*

Niliandika kwenye meza ya chumba cha wageni, kesho yake mchana, dirisha wazi. Kuunda paneli kwa msimbo si uchawi. Unaiumba, unaipa kitambulisho, unamwambia msimamizi wa mpangilio, naye ni msimbo tu, aibandike upande gani. Halafu unaandika ruhusa zake, moja moja. Kuhama: ndiyo. Kuelea: ndiyo. Kukunjwa: ndiyo au hapana. Kufungwa: ndiyo au hapana. Basi. Maisha ya Bibi Kalunde yalikuwa yamekaa kwenye hayo maneno mawili, na aliyeyaandika mara ya kwanza labda alikuwa anawaza chakula cha mchana.

Niliandika hapana, hapana. Nikaiwasha Meza ya majaribio. Nikaburuta paneli ukingoni, ikarudi katikati. Nikatafuta pa kuifungia, hapakuwapo. Ilifanya kazi vizuri sana, na nikaichukia. Nilimwona Maganga ameketi mbele yake, shingo imekaza, anatazama dari huku mikono ya chuma ikimwosha mama mkwe wake kwa sababu mfumo unaamini anatazama. Jicho linaweza kukunjwa pia. Hilo hakuna msimbo unaolizuia.

Nikafuta. Kisha nikaandika ndiyo, ndiyo, pamoja na nukta ya kijani, nione tu inafananaje. Ilipendeza. Jina la Kalunde lilisimama ukingoni na nukta yake safi kama njegere. Nilikaa nikiitazama, na kinusi hakikutoa kitu, na nikaikumbuka ile asumini. Nikafuta hiyo nayo, nikaenda kunawa uso.

Ni kwenye sinki nilipomkumbuka baba Sayi, mume wangu. Mama yangu alipokuwa mgonjwa, aliwahi kuanguka bafuni kwetu, mlango haukufungwa, na aliyekuwa nyumbani ni mkwe wake peke yake. Nilirudi nikamkuta baba Sayi amesimama mlangoni mwa bafu, amempa mama mgongo, uso umeelekea uani, anapaza sauti kumwita jirani, kumwita yeyote, kama mtu anayeuza samaki. Hakugeuka kutazama. Lakini hakuondoka pia. Alisimama pale, anapiga kelele, mpaka nilipomgusa bega nikamwambia nimefika. Ndipo akaondoka.

Heshima ina sehemu mbili. Fundi aliyenitangulia aliandika moja tu, ile ya kugeuza uso.

Nikarudi mezani nikaandika bila kunyanyuka. Kukunjwa: hapana. Kufungwa: hapana. Badala yake nikaweka kitufe kimoja kichwani mwa paneli: *Nampa mgongo*. Mhudumu akikibofya, picha inazimika palepale, hakuna anayeona mwili. Yanabaki jina, sauti na harufu. Paneli haiondoki mezani kwake mpaka ibandikwe kwenye meza nyingine, na inabandikwa pale tu mtu wa meza ile anapobofya neno moja: *Nimefika*. Picha inafunguka kwa huyo peke yake, na mikono inaanza kazi. Asipotokea mtu, paneli inapanda: kwa muuguzi mkuu, kisha juu yake, kisha juu ya huyo. Kila inakopanda inapaza sauti zaidi na kunuka zaidi. Na kila inakopanda haikunjiki.

Nilimweleza Lukelo waziwazi, siku moja kabla ya wageni wake. Sikumficha neno.

"Na nukta ya kijani?"

"Hakuna."

Akakunja uso. Kisha akafikiri. "Lakini mhudumu anaweza kuiondoa kwake?"

"Akipokelewa."

"Na asipopokelewa inapanda kwa Veneranda."

"Inapanda kwa Veneranda."

"Basi sawa." Akacheka, akajinyoosha kwenye kiti. "Yule mama anapenda kulalamika, ngoja apate sababu. Hiyo naweza kuwauzia bodi. Uwajibikaji wa ngazi. Ngazi inaishia wapi?"

"Juu kabisa."

Hakuuliza tena. Alikuwa anachagua tai.

*

Wageni wa bodi walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja mnene mwenye miwani ya mnyororo. Lukelo aliwakalisha mbele ya ukuta wake wa skrini. Meza ilipendeza. Paneli arobaini, wazee arobaini, wote wamefunikwa vizuri mpaka kidevuni. Asumini ilitoka kwenye kinusi. Chai ilimiminwa, sambusa zikapita.

"Na huyu mhudumu mmoja anatosha?" yule mama akauliza.

"Anatosha na kubaki, mheshimiwa. Teknolojia ndiyo inayobeba mzigo."

Hapo asumini ikakatika.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kishikwambi changu magotini, na nilijua kabla yao. Ilianza mkojo, kisha ile nyingine. Katikati ya ukuta, juu ya paneli zote, ikajibandika paneli ya kijivu isiyo na picha. Iliandikwa *Kalunde binti Mihayo. Shuka limechafuka.* Chini yake neno moja: *Nimefika*.

Maganga alikuwa zamu. Alikuwa amempa mgongo. Veneranda alikuwa chumba cha mwisho anamshikilia mzee aliyeanguka, mikono yake imejaa. Hapakuwa na mhudumu wa pili, kwa sababu mkurugenzi hakutaka wa pili. Kwa hiyo ngazi ikapanda.

Mgeni mmoja alirudisha sambusa kwenye sahani, nusu imetafunwa.

"Nini hicho?"

"Hitilafu ndogo," Lukelo akasema, akashika kipanya. Akaiburuta paneli ukingoni. Ikarudi. Akaiburuta chini, ikarudi. Akatafuta alama ya kufungia kwenye kona, kidole kinabofya mahali patupu, tiki, tiki, tiki. Harufu ilizidi. Ilikuwa nzito sasa, ya kukaa kwenye ulimi.

Kisha sauti ya mzee ikajaza chumba, ndogo na yenye adabu: "Hodi jamani. Kuna mtu?"

"Mama Sayi." Lukelo aliniita bila kunitazama, ameweka leso puani. "Funga hii takataka."

"Haifungiki. Nilikueleza."

"Wewe umeiandika, unayo njia."

"Ipo moja. Bofya hapo."

Alitazama lile neno. Kidole chake kilikuwa karibu nalo kama upana wa sarafu. Nilimwona akifikiri, na nakiri kwamba kwa kitambo kidogo nilimtumaini. Yeye si mkwe wa Bibi Kalunde. Hakuna lililomzuia ila pua yake. Kisha aliinama chini ya meza, akashika waya wa skrini, akauchomoa ukutani.

Ukuta ukawa mweusi. Kinusi kikakohoa, kikafa. Wageni wakapumua. Lukelo akanyanyuka na vumbi kwenye magoti ya suruali, akatabasamu. "Mambo ya umeme," akasema. "Tuendelee na chai?"

Yule mama wa miwani hakumjibu. Alikuwa ananitazama mimi, kwa sababu magotini kwangu kishikwambi kilikuwa kimeanza kuita. *Hodi jamani. Kuna mtu?* Juu ya mkurugenzi hapakuwa na meza nyingine, kwa hiyo ngazi ya mwisho niliandika jina langu. Mtu asiandike mlango usiofungika halafu akae nje yake.

"Ukitoka na hiyo," Lukelo akasema polepole, "usirudi. Kesho nitaleta fundi mwingine, ataandika ndiyo panapotakiwa ndiyo. Ni kazi ya dakika."

"Najua," nikasema. "Nilishaiandika, nikaona inavyopendeza."

Nikabeba kishikwambi nikatoka. Sikubofya. Kubofya ni kwa mikono ya chuma, na mimi nilikuwa na yangu. Nyuma yangu nilisikia kiti kikiburutwa na sauti ya yule mama ikiuliza, bila adabu yoyote ya wageni, "Kwani huyo bibi ni wa umeme?" Lukelo alijibu nini sijui.

Kwenye kona ya korido nilisikia kelele. Mtu alikuwa anaita, sauti imepasuka, "Jamani! Mama mmoja! Mama yeyote!" Meza ya mhudumu niliipita tupu, kiti kimepinduka.

Maganga alikuwa mlangoni mwa chumba cha Bibi Kalunde. Alikuwa amesimama ndani ya kizingiti, ameupa mgongo ule upande wa kitanda, viganja vimekamata fremu mbili za mlango kana kwamba kuna anayetaka kumwondoa. Macho yalikuwa kwenye korido. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Harufu ile ilimzunguka, ya kweli, isiyochanganywa na sanduku lolote.

"Nimefika," nikamwambia, nikamgusa bega.

Akaachia fremu. Akapita kando yangu, akaenda. Nilimtazama mpaka akaishia.

Nikajaza beseni. Nikavaa glavu. Ilinuka, sitadanganya, ilinuka vibaya kuliko mara ya kwanza. Bibi Kalunde alikuwa amelishika shuka kwa ngumi zote mbili, amelivuta mpaka shingoni.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka."

"Aligeuka?"

"Hakugeuka, bibi."

Kisha akaachia shuka.

"Haya," akasema. "Funua."